Kikao Kwenye Bariere

Kasongo, 5 Februari 2024

Yaya Théophile,

Salamu nyingi huko Wamaza. Sisi tuko wazima. Mama mdogo wako analalamika goti, lakini sokoni anafika. Tunasikia antena ya kwenu bado imelala, kwa hiyo pikipiki ya Chadrack ndiyo simu yetu.

Umeuliza mchezo unaendeleaje tangu ulipohamishwa. Jana baada ya misa tulikaa kwa Fidèle, ndani ya karakana yake ya redio. Yeye ndiye anayeongoza kikao sasa. Wachezaji ni mimi, Chadrack na Célestine. Célestine aliacha cherehani yake akaja na shangazi yake, ikabidi nimweleze huyo mama tunafanya nini. Nikamwambia: hakuna ubao, hakuna mshindi. Mmoja anasimulia nchi isiyokuwepo, kila mwingine anabeba mtu mmoja wa nchi hiyo na kusema anachofanya. Jambo likiwa na hatari, tunatupa dadu mbili, ndizo zinaamua. Shangazi akafikiri, akasema, "Kumbe ni uongo wa watu wazima." Tulicheka mpaka Fidèle akaangusha bisibisi.

Tumefika kwenye ngome ya mfalme wa chumvi. Fidèle aliieleza ngome hiyo karibu saa nzima. Ukuta, mlango, misumari ya mlango. Chadrack akasinzia. Célestine akamuuliza mlinzi wa mlango anaitwa nani, na Fidèle, aliyekuwa na majina ya misumari yote, hakuwa na jina la mlinzi. Akababaika, akataja la mjomba wake.

Hivi ndivyo nilivyoandika kwenye kaye, daftari langu la mchezo, kama kawaida yangu: "Mtu wa Chadrack anapanda ukuta. Dadu: 2 na 1. Anaanguka. Mtu wa Célestine anamvuta. Dadu: 5 na 4. Wanapona." Hii ni kaye ya kumi na nne tangu ulipotuletea mchezo huu kutoka Bukavu. Zote ninazo.

Mdogo wako,
Estelle


Wamaza, 12 Februari 2024

Estelle mdogo wangu,

Aksanti kwa barua. Niliisoma nikiwa katikati ya foleni ya chanjo, wamama wakaninunia.

Fidèle ni mtu mzuri, lakini anaeleza ukuta wakati watu wanataka kujua nani yuko juu ya ukuta. Mwambie hivi: maneno matatu juu ya mahali, kisha swali, "Unafanya nini?" Mwongozaji anayependa sauti yake mwenyewe anabaki na redio zake tu. Na Célestine akiuliza jina la mlinzi, asibabaike kutafuta jina. Amrudishie swali: "Wewe unafikiri anaitwa nani?" Mchezaji akitoa jina, tayari amempenda mlinzi, na baadaye itamuuma kumpiga.

Sasa wewe. Usikasirike. Maandishi yako yanasomeka kama matokeo ya mpira yakitangazwa redioni. Mbili na moja, tano na nne. Mpishi haleti mezani sufuria na masizi yake. Andika kama mambo yametokea. Ondoa dadu. Usiandike "mtu wa Chadrack", andika Chadrack. Usitaje mchezo wala kikao. Ngome uiweke mahali tunapopajua, ng'ambo ya daraja, kwenye njia ile ile anayopita Chadrack akija huku. Nataka nikisoma moyo uruke, nisijue kama mlikuwepo kweli au hamkuwepo.

Mimi huku sina mtu wa kucheza naye. Barua zako ndizo vikao vyangu.

Yaya wako,
Théophile


Kasongo, 19 Februari 2024

Yaya,

Nimefuata maagizo yako yote, Yaya Théophile. Nikiisoma tena naogopa kidogo, lakini wewe ndiye uliyetaka hivi.

Jumapili saa tisa tulivuka daraja. Walinzi walikuwa sita, wawili wamelala. Fidèle alikuwa ametueleza kila kitu mapema: baruti ziko nyuma ya jiko, mkubwa wao hutoka saa kumi kwenda kuoga mtoni. Chadrack aliwanyamazisha wawili kwa kisu, hakuna aliyesikia. Célestine alipitisha baruti chini ya mihogo ndani ya kikapu, mlinzi akamsaidia kujitwika. Mimi nilibaki barabarani kuangalia. Sasa kila kitu kiko mahali pake chini ya nguzo. Hatujawasha.

Fidèle anasema uamuzi uwe wako, maana ndiwe uliyetuingiza katika safari hii. Tulipue Jumapili ijayo, ama turudi nyuma? Tunangoja neno lako.

Chadrack anaondoka kesho.

Estelle


Kasongo, 24 Februari 2024

Yaya Théophile,

Chadrack hajarudi. Alipaswa kuwa hapa juzi. Yves, yule mwenye pikipiki nyekundu, amerudi jana kutoka upande wenu. Anasema aliona pikipiki ya Chadrack imeegemezwa kwenye bariere, kile kizuizi cha wenye bunduki darajani, mizigo imeshushwa chini, mwenyewe haonekani. Alipouliza, waliomsimamisha walimwambia aangalie njia yake.

Barua yangu ilifika kwako? Nijibu hilo kwanza kabla ya yote. Kama haikufika, wanaisoma wao.

Benita, mke wake, amekuja kwangu mara mbili. Nilimwambia tairi limepasuka, anangoja lingine kutoka Kabambare. Aliniangalia mdomo nilipokuwa nasema. Sikumwambia mume wake amebeba nini.

Yaya, nenda kwenye bariere. Ni mwendo mfupi kutoka kituo chako cha afya. Wewe ni muganga, wanakuheshimu. Waambie ni mchezo.

Estelle


Wamaza, 26 Februari

Estelle,

Barua ya tarehe 19 haikunifikia. Nimesikia habari. Nimekwisha kwenda huko mara moja na ninafanya ninavyoweza. Mambo haya yanataka polepole.

Sikiliza vizuri. Choma kaye zote. Zote kumi na nne, leo hii, na majivu uyatupe chooni. Wakija Kasongo kutafuta wasikute kitu. Na usitaje jina langu kwa mtu yeyote. Ni kwa usalama wenu.

Usiandike tena mpaka nikuambie.

T.


Kasongo, 29 Februari 2024

Yaya,

Naandika ingawa umenikataza.

Jana nilikusanya kaye nikazipeleka kwa Fidèle, kwa sababu kwangu moshi ungeonekana. Nilikuwa nimewasha kiberiti. Célestine akaingia, akanishika mkono, akakizima kwa vidole vyake. Akasema, "Soma kwanza unachochoma." Akafungua kaye ya tano, akaniwekea puani. Pale nimeandika: mtu wa Chadrack anavuka mto, dadu 1 na 1, mamba anamla. Akafungua ya saba. Mtu huyo huyo anaoa, ana mguu mmoja mfupi. Akasema, "Ni nani duniani atakayesoma hii asijue ni mchezo? Barua yako moja ndiyo haina dadu. Hizi zote zinazo."

Nikakirudisha kiberiti mahali pake.

Nimekuwa nikikusikiliza tangu nikiwa mtoto, Yaya, na sijui ni kwa nini uliniambia nichome. Labda huko kuna jambo usiloweza kuandika. Célestine ameondoka leo asubuhi na Yves. Kaye zimo ndani ya mfuko wa vitambaa. Njia ni matope matupu, watafika kesho Mungu akipenda. Nilitaka kwenda mimi. Alikataa, akasema, "Jina lako liko chini ya ile barua. Langu liko ndani yake tu."

Mpokee.

Estelle


Wamaza, 5 Machi 2024

Estelle mdogo wangu, na ninyi wote,

Chadrack yuko huru! Mmekwisha kumwona, lakini yeye si msemaji, kwa hiyo acha mimi niwape kikao hiki chote, maana sijawahi kuongoza kingine kama hiki na sitaongoza tena.

Mambo yalipozidi kuwa mabaya nilijipeleka mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Célestine alikuwa amefika asubuhi na kaye, zikasaidia. Chini ya hema walikuwa watu wanne wenye bunduki, na mkubwa wao, wanayemwita Komanda, mtu mwembamba mwenye miwani ya kusomea. Barua yako ilikuwa mezani, chini ya jiwe. Akaniambia, "Mnasema huu ni mchezo. Basi uchezeni niuone."

Estelle, fikiria. Mchezaji mmoja, naye ndiye mwenye funguo. Ukimwongoza vibaya hukatizi kikao, unakatiza maisha ya mtu. Nikakumbuka yote niliyokuandikia juu ya Fidèle. Nikatumia maneno matatu tu: mto, kivuko, mvua. Kisha nikamuuliza, "Mkubwa, unafanya nini?"

Akasema, "Natafuta mtumbwi." Nikampa mtumbwi. Ndani yake nikaweka mfungwa amefungwa kamba, na mwenye mtumbwi anayesema hawezi kuvusha wawili. Nikasema, "Unafanya nini?" Wale wengine walisogea kusikiliza, mmoja akaweka bunduki chini. Komanda akasema, "Namfungua. Tutaogelea." Nikampa dadu. Zikatua sita na sita.

Nikamwambia, "Mmefika ng'ambo. Wote wawili." Akavua miwani, akacheka, akageuka kuwaambia watu wake, "Mfungueni huyo." Wakamfungua Chadrack.

Hivyo ndivyo dadu mbili za ludo zilivyookoa mtu. Wasomee wote Jumapili.

Yaya wako,
Théophile


Kasongo, tarehe 11 mwezi wa tatu

Yaya Théophile,

Mimi si mutu wa kuandika, unajua. Nimeomba Estelle karatasi tu, maneno ni yangu.

Jana alisoma barua yako mbele ya wote kwa Fidèle. Benita alilia kwa furaha. Célestine aliangalia chini. Mimi nilitoka inje.

Sasa nitakuambia vile ilikuwa, juu ya vile weye ulikuwa mbele ya mukeka uliotundikwa kama pazia, na mimi nilikuwa nyuma.

Siku ya kwanza waliniuliza: hii barua iko ya nani? Nikasema, ya muganga wa Wamaza, muiteni, atawaambia ni muchezo. Nilisema bila woga. Nilijua utasema. Hawakunipiga. Walinipa na maji ya kunywa. Wakakuita, ukakuja. Nilisikia viatu vyako. Komanda akakuuliza, "Unamujua huyu mutu wa pikipiki?" Ukasema, "Ninamuona akipita tu." Akakuuliza, "Na huyu Théophile wa hii barua?" Ukasema, "Théophile wako wengi."

Nikakohoa. Nilikohoa kwa makusudi, ili ujue niko pale. Nikasikia viatu vyako vinageuka. Kiisha ukaomba ruhusa, ukasema wagonjwa wanakungoja.

Kutoka pale nikawa muongo. Siku ile ndiyo fimbo zilianza. Siku nane, Yaya. Kila mara waliniuliza Théophile ni nani, na kila mara nilisema ni weye, na walinipiga juu ya kusema ukweli.

Célestine alifika na mufuko. Komanda alisoma asubui yote. Alipofika kwenye kaye ya tano na ya saba akaita wanilete mbele yake. Akaniangalia toka kichwa mpaka miguu. Akasema, "Ni weye mamba alikula?" Nikasema, ndiyo mukubwa. Akasema, "Na kiisha ukaoa?" Nikasema, ndiyo. Akasema, "Mufungueni." Ilikuwa saa ine asubui. Weye hukuwa hapo. Célestine alikufuata kituoni, juu Komanda alitaka kuona huyu muganga aliyemudanganya. Ndiyo sababu ulikuja saa nane. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya mwembe wao, ninakula ndizi, wakati unaongoza kikao chako.

Ulicheza na mutu aliyekwisha kunifungulia.

Na dadu hazikutoka sita na sita. Zilitoka tatu na moja. Komanda alianguka mutoni. Alicheka, ni kweli. Alisema muchezo huu ni wa watu wasio na shamba.

Sina mengine. Mugongo unapona.

Chadrack


Wamaza, 18 Machi 2024

Estelle,

Barua hii uisome mbele ya wote, na Chadrack akiwepo kama atakubali. Soma yote. Usinirekebishe lugha.

Kila alichoandika Chadrack ni kweli. Nilikisikia kikohozi. Nilikijua hata kabla hakijaisha. Miaka miwili nimekaa naye meza moja, kila Jumapili. Barua ilikuwa mikononi mwa Komanda, na niliona mwandiko wako, niliona "tunangoja neno lako", na nikaelewa kwamba mimi ndiye mkubwa wa watu hawa wanaotaka kulipua daraja. Mdomo ukafunguka ukasema Théophile wako wengi. Sikupanga. Lakini sikuurudisha nyuma pia, na nilikuwa na siku nane za kuurudisha.

Nilirudi kituoni nikapima watoto uzito. Mtoto mmoja nilimpima mara mbili na kumwandika kama watoto wawili. Kila jioni niliona bariere kutoka dirisha la dawa. Nilijiambia, kesho. Nilijiambia, nikisema sasa watanishika na mimi, na Wamaza nzima itabaki bila muganga. Hiyo ni kweli pia, na niliitumia.

Nilipokuambia uchome kaye, sikuwa nawalinda ninyi. Nilikuwa nafuta jina langu.

Célestine alipokuja kunichukua sikuwa na viatu, na yeye hakunipa muda wa kuvitafuta. Aliniambia neno moja, "Twende." Aliniona mbele ya Komanda nikitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Kisha nikaenda nyumbani nikaandika sita na sita. Siwezi kusema nilikuwa nadanganya ninyi peke yenu. Nilipoandika niliiona kweli sita na sita. Niliandika kama mambo yametokea, kama nilivyokufundisha.

Benita, nakuomba msamaha. Chadrack, wewe sikuombi kwa karatasi.

Théophile


Kasongo, 25 Machi 2024

Yaya,

Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi. Tulitoka kanisani na matawi yetu mkononi, tukaingia kwa Fidèle, wote, na Benita. Nilisoma. Fidèle alizima redio zote, hata ile aliyokuwa anaijaribu.

Nilipomaliza, Benita ndiye aliyesema kwanza, naye hakusema na wewe. Aliniambia mimi, "Na tairi?" Nikasimama nikasema langu: kwamba nilijua mume wake amebeba nini, kwamba nilimtazama usoni na kumdanganya mara mbili, na kwamba barua ile ni mkono wangu. Akasema, "Nilijua siku ile. Mtu anayeleta habari ya tairi kweli huja kuchukua na chakula cha kumpelekea anayengoja. Wewe hukuja." Sijui kama amenisamehe. Leo asubuhi amepita mbele ya mlango wangu akanisalimia, lakini hakusimama.

Célestine alisema hana la kuongeza, isipokuwa kwamba viatu vyako viko, vilikuwa chini ya kitanda cha wagonjwa, aliviona.

Mwishowe Chadrack akaniambia niandike kama anavyosema, bila kupamba. Naandika: "Mwambie mimi sikasiriki juu alisema hanijui. Kila siku ninajiuliza, kama wangemuita yeye kwanza, na mimi kiisha, na bunduki iko pale, mimi ningesema nini? Sijui. Nimejaribu kujua, sijui. Hiyo ndiyo inanichoma. Nilikuwa ninafikiri najua."

Halafu akasema barua zako hatabeba tena, za kuja wala za kwenda. Hii inakuja na Yves. Lakini akasema mto Luama unajaa na kivuko kitafungwa wiki ijayo. Jumamosi atakuwa kwenye kivuko, upande wetu, mpaka saa sita. Kama una neno kwake, ulilete na miguu yako. Baada ya saa sita anarudi nyumbani.

Nilimuuliza kama ukija atakupiga. Akasema, "Hilo pia sijui."

Estelle


Wamaza, 28 Machi 2024

Estelle,

Nimepewa ruhusa ya siku tatu. Chanjo nimemwachia mwenzangu. Naondoka sasa hivi kwa miguu, kwa sababu hakuna pikipiki inayokubali kubeba mtu katika matope haya. Yves amekubali kutangulia na karatasi hii tu.

Njia ya kwenda kivukoni inapita kwenye bariere. Komanda yule yule bado yuko. Ataniuliza kama anavyowauliza wote, unatoka wapi, unakwenda kwa nani.

Nitamwambia ninakwenda kwa Chadrack. Nitamwambia tunajuana.

Théophile